Anayekulipa Si Anayekusoma

Vijana wanaoniuliza kuhusu kazi ya vibonzo huanza karibu wote na swali moja: ninunue tableti gani? Nami huwajibu kwa swali: una karatasi ya mkataba? Wengi hunyamaza hapo. Tableti ya mtumba inachora vizuri tu, na wapo waliomaliza kitabu kizima kwa kalamu ya wino na karatasi za kawaida. Kinachowarudisha wachoraji wa Nairobi kwenye kadi za harusi na mabango ya saluni si vifaa. Ni kutojua ni nani hasa anayewalipa, na anawalipa kwa ajili ya nini.

Msomaji wa Kenya amezoea kukutana na vibonzo ndani ya kitu kingine. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi miongo mingi ndani ya Taifa Leo. Mtu alinunua gazeti apate habari, Juha akaja naye. Shujaaz, jarida la vibonzo la vijana, lilipoanza mwaka 2010 liligawiwa bure, ndani ya Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Siwalaumu, maana kizazi kizima kilijifunza kusoma fremu kwa njia hiyo. Lakini tabia imebaki: kibonzo ni kitu unachopewa. Kwa hivyo anayekusoma ni kijana aliyekaa kiti cha nyuma kwenye matatu ya Kayole, na anayekulipa ni shirika lenye afisi Kilimani, au wakala wa matangazo, au mchapishaji wa vitabu vya shule. Hawa wawili hawajuani na hawataki kitu kimoja. Shirika linataka ujumbe ufike kabla mwaka wa fedha haujaisha. Kijana anataka kujua yule mhusika mwenye kofia atafanya nini wiki ijayo.

Ukishika tofauti hiyo, utajua cha kuuza na cha kubaki nacho. Shirika liuzie kurasa. Yule mwenye kofia mwache awe wako.

Na hapa sheria haikusaidii kama unavyodhani. Wachoraji wengi wanaamini kwamba aliyechora ndiye mwenye mali, basi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema vingine: kazi ikiagizwa na mtu, hata kama si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila tu kama mmekubaliana vinginevyo. Rudia maneno hayo ya mwisho. Usipoandika chochote umeshatoa. Ule mkataba wa "tutaelewana mbele ya safari" humfaidi mteja kila mara, hata mteja mwema asiye na hila yoyote. Unachobaki nacho bila kuandika ni haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyechora na haki ya kukataa kazi yako kuharibiwa kwa namna ya kukuvunjia heshima. Ni haki nzuri, ila hailipi kodi ya nyumba.

Kwa hivyo kabla ya kuchora hata duara la kichwa, andika. Ukurasa mmoja unatosha, na si lazima uwe na lugha ya mahakamani. Sema ni kurasa ngapi, kwa lugha gani, zitachapishwa wapi na kwa muda gani. Sema kwamba wahusika, majina yao na sura zao ni mali yako, na kwamba mteja anapata ruhusa ya kuwatumia kwa kazi hii tu. Kama mhusika ulikuwa naye kabla ya mteja kuja, mtaje kwa jina na uambatanishe mchoro wake wenye tarehe. Kazi yako unaweza pia kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Hakimiliki huzaliwa hata bila usajili, ila cheti kinakupa cha kuonyesha siku ya ubishi. Na mteja akisema anataka kila kitu, mhusika na yote, usikasirike. Mpe bei ya kila kitu. Mimi huanzia mara tatu ya bei ya kurasa, na mara nyingi wakiona namba hiyo wanagundua kuwa hawakuwa na haja na mhusika, walinakili tu fomu waliyoikuta kwenye kompyuta ya afisi.

Bei ya ukurasa ifanyie hesabu, usiiokote kwa mwenzako. Tuseme kodi, chakula, tokeni za stima, intaneti, nauli na akiba ya siku kompyuta itakapokufa ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwezi una siku 22 hivi za kazi, lakini siku za kuchora hazizidi 15, kwa sababu zilizobaki zinaliwa na mikutano, ankara na marekebisho. Ukurasa wa rangi uliokamilika, kuanzia penseli hadi maneno, ukikuchukua siku moja na nusu, unapata kurasa 10. Maana yake 6,000 kwa ukurasa ni bei ya kusimama palepale bila kuanguka. Bado hujahesabu ushuru, wala Januari na Februari ambapo simu hazilii, wala zile kurasa za hadithi yako mwenyewe ambazo hakuna anayezilipia. Ukiitisha 9,000 huna tamaa. Na anayekuambia bajeti haipo ila kazi "itakutangaza" muulize kama mwenye matbaa naye analipwa kwa kutangazwa.

Omba nusu kabla ya kuanza. Ile nusu ya pili usiifunge kwenye uzinduzi wa kitabu, maana uzinduzi huahirishwa mpaka waziri apatikane. Ifunge kwenye siku unayowasilisha faili. Hata hivyo jiandae: kuna afisi zinazolipa baada ya siku 30, na kuna ambazo siku 30 zenyewe zinahesabiwa kuanzia siku ankara itakapoonwa na mtu fulani aliye likizoni.

Ushuru nitaupitia haraka kwa sababu unachosha, ila usiuruke. Mteja akikulipa ada ya kitaalamu ya 24,000 au zaidi kwa mwezi, atakata asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya ushuru. Hizo pesa hazijapotea. Dai cheti chake, utakitumia unapowasilisha ritani kabla ya Juni 30. Tangu 2024 wateja wengi hawagusi ankara isiyopitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa hivyo jisajili kabla ya kazi kuja. Na kwa kuwa huna mwajiri wa kukukatia mchango wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, lipa mwenyewe. Kifundo cha mkono kikivimba ndipo utajua kwamba mkono huo ndio kampuni nzima.

Sasa marekebisho, ambayo ndiyo yanakula siku zako. Kibonzo cha shirika husomwa na kamati, na kila mwanakamati anajiona hajafanya kazi mpaka abadilishe kitu. Mwendesha boda avae kofia ya kinga. Hilo ni sawa, kwanza ni sheria. Halafu mwizi wa kwenye hadithi asivute sigara. Halafu mama asionekane amekasirika. Mwisho unabaki na kijiji cha watakatifu kinachozungumza kama barua ya afisi, na hakuna msomaji atakayefika ukurasa wa tatu. Tetea hasira ya mama. Waeleze kwamba bila kosa hakuna hadithi, na bila hadithi ujumbe wao utafungia maandazi. Nimewaona wakielewa, hasa ukiongea kabla ya penseli. Wape hati ya maneno matupu kwanza, waikune watakavyo, waitie sahihi. Kisha penseli, nayo itiwe sahihi. Duru mbili za marekebisho zimo ndani ya bei; ya tatu inalipiwa. Kubadilisha neno ni dakika moja, kumbadilishia mtu nguo katika fremu 40 ni wiki.

Mashirika mengi hupeleka rasimu kwa wasomaji kabla ya kuchapisha, Kawangware au Mathare au kwingineko. Omba kwenda nao, hata kama hulipwi siku hiyo. Kaa nyuma, usijitambulishe kuwa ndiwe mchoraji, uangalie macho. Utaona watu wakiruka kile kisanduku cha maelezo ulichokipenda. Utaona wakisoma kiputo cha maneno cha kulia kabla ya cha kushoto kwa sababu ulikiweka juu kidogo. Utaona fremu isiyo na neno hata moja ikichekesha chumba kizima. Kwa mchoraji ambaye halipwi na msomaji wake, hii ni nafasi adimu ya kumwona uso kwa uso. Nilichojifunza huko ni kuandika maneno kwanza na kuchora kiputo baadaye. Kiswahili kina vitenzi vinavyojaza mstari peke yake, na kiputo kilichochorwa mapema huishia kuwa na herufi za kusomwa kwa darubini.

Hadithi yako mwenyewe ndiyo itakayokufikisha kwenye matbaa. Kitabu kinachobanwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa hivyo panga 24 au 28, si 26. Acha milimita 3 za kukatwa kila upande. Nakala 100 zichapishe kwa mashine ya dijitali; ofseti inaanza kuwa na maana ukivuka mamia kadhaa, kwa kuwa gharama ya kutengeneza sahani, yale mabamba ya kuchapia, ni ileile uchapishe chache au nyingi. Lakini jambo litakalokuumiza roho ni rangi ya ngozi. Ile kahawia inayong'aa kwenye skrini ikifika kwenye karatasi isiyong'aa hunywewa na kuwa tope, na nyuso zote zinafanana. Badilisha faili ziwe za rangi nne za uchapaji mapema, pandisha mwanga wa ngozi kuliko unavyodhani unahitaji, punguza nyeusi ndani ya kahawia, na udai karatasi moja ya majaribio kutoka mashine ileile. Mwenye matbaa akikwambia "hiyo itatoka tu sawa," kaa hapo mpaka itoke.

Kuuza kitabu chako ni kukaa mezani kwenye maonyesho. NAICCON, kongamano la vibonzo la Nairobi, wanakuja watu waliokwisha kukubali kwamba kibonzo ni kitu cha kununuliwa, na hao ni wachache mjini, kwa hivyo usiikose. Weka namba ya till ya M-Pesa kwa herufi kubwa, na uwe na kitu cha shilingi 50, kama stika, kwa mwanafunzi ambaye kitabu kinamshinda. Duka la vitabu litakuomba punguzo la asilimia 30 au zaidi na kuchukua mzigo kwa mali kauli, yaani likulipe baada ya kuuza. Ukikubali, andika idadi na tarehe ya kwenda kuhesabu. Wa Nyeri na Kisumu watumie kwa afisi ya vifurushi ya matatu, nauli alipe mpokeaji. Mtandaoni, chora kwa upana wa pikseli 800 na ufanye faili iwe nyepesi, kwa kuwa msomaji wako ananunua bando la siku. Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, haifungulii mradi mtu aliye Kenya, basi usipoteze usiku huko. M-Changa, jukwaa la michango la hapa Kenya, na namba ya till zitachangisha kwa watu wanaokujua tayari.

Kuna ombi moja litakalokuja baada ya kila kitu kuisha, kwa barua pepe fupi yenye adabu: "Tafadhali tutumie pia faili zenye leya." Hizo ni faili ambazo kila tabaka la mchoro limeachwa peke yake. Wakiwa nazo, mtu mwingine anaweza kumvisha mhusika wako fulana nyingine na kumwekea maneno mengine mdomoni bila kukupigia simu. Faili hizo hazimo katika bei ya kurasa. Ziwekee mstari wake na bei yake kwenye karatasi ile ya mwanzo, kabla hawajauliza.