Maswali ya Wasomaji: Mgeni na Siasa za Thailand

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayefundisha Kiingereza katika shule moja mjini Chiang Mai, na huu ni mwaka wangu wa pili huku. Jioni tunapokula pamoja, walimu wenzangu wa kigeni na wazee kadhaa wa Kizungu waliokuja kustaafia mtaani kwetu, mazungumzo huishia kwenye siasa. Wanasema Wathai hawajali siasa, wamezoea kutawaliwa na jeshi na ndivyo wanavyopenda, na kwamba kura za hapa ni maigizo. Kithai changu bado hakijafika mahali pa kunisaidia kubishana nao, lakini moyo wangu unakataa. Je, wanayosema ni kweli? Na je, nikiandika maoni yangu kwenye ukurasa wangu wa Facebook, kwa Kiswahili, ninaweza kupata matatizo?
Mwalimu, Chiang Mai

JIBU: Mwalimu, naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu linahusu usalama wako.

Kifungu cha 112 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya Thailand kinamwadhibu yeyote anayemkashifu, kumtukana au kumtishia mfalme, malkia, mrithi wa kiti cha ufalme au anayeshika nafasi ya mfalme kwa muda, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Malalamiko yanaweza kupelekwa polisi na mtu yeyote, hata asiyekuwa na uhusiano wowote na jambo lenyewe, na maneno yaliyoandikwa mtandaoni huweza kuongezewa mashtaka chini ya Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2007. Si lazima uwe mwandishi wa maneno hayo. Mwaka 2017 mwanafunzi wa sheria, Jatupat Boonpattararaksa, alifungwa kwa kusambaza tu kwenye Facebook makala ya habari iliyomhusu mfalme mpya.

Ugeni haumkingi mtu. Oliver Jufer, raia wa Uswisi, alihukumiwa miaka 10 mwaka 2007 kwa kupaka rangi picha za mfalme, na Harry Nicolaides wa Australia alihukumiwa miaka 3 mwaka 2009 kwa aya moja ya riwaya yake. Wote wawili walipata msamaha wa mfalme baadaye wakaondoka nchini. Kisa kinachonisikitisha zaidi ni cha karibuni. Aprili 2025 alikamatwa Paul Chambers, mhadhiri Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Naresuan aliyeishi Thailand kwa zaidi ya miaka 30, kutokana na malalamiko ya jeshi juu ya maneno ya tangazo la mhadhara wa mtandaoni, maneno ambayo yeye mwenyewe alisema hakuyaandika. Mwezi uliofuata waendesha mashtaka waliamua kutoendelea na kesi, lakini viza yake ilikuwa imeshafutwa, na ilimbidi aiache nchi aliyoifanya kwao. Hata asiyehukumiwa, basi, anaweza kupoteza kazi na makazi, kwa kuwa ukaaji wa mgeni unaning'inia kwenye viza, kibali cha kazi na taarifa ya anwani anayoipeleka uhamiaji kila baada ya siku 90.

Kuandika kwa Kiswahili hakutakuficha, maana tafsiri ya mashine sasa iko katika kila simu. Ushauri wangu ni kwamba usiandike, usisambaze wala usiweke alama ya kupenda kwenye jambo lolote linalogusa kasri. Kuhusu mawaziri, bei, elimu na uchaguzi, Wathai wenyewe huwakosoa viongozi wao waziwazi na kwa ukali. Wewe pia unaweza kutoa maoni, kwa staha na kwa mambo uliyoyathibitisha, ukikumbuka kwamba jina la shule yako linasomeka pamoja na lako.

Sasa nirudi kwa wazee wenu wa mezani. Wanayosema si kweli, na wanaosemwa wanadhulumiwa na maneno hayo. Katika uchaguzi wa tarehe 14 Mei 2023, takriban asilimia 75 ya waliojiandikisha walipiga kura. Chama cha Move Forward, kilichoahidi kupunguza nguvu za jeshi katika siasa, kiliongoza kwa viti 151 kati ya 500, kikifuatiwa na Pheu Thai chenye 141, huku vyama viwili vilivyobeba majina ya majenerali wa mapinduzi ya 2014 vikiambulia 76 kwa jumla. Watu wanaopenda kutawaliwa na jeshi hawapigi kura namna hiyo.

Yaliyofuata ndiyo yanayomfanya mgeni aseme kura ni maigizo, na hapo ana sehemu ya ukweli, ila anamtwika lawama asiyehusika. Katiba iliyoandikwa chini ya utawala wa kijeshi iliwapa maseneta 250 walioteuliwa na jeshi haki ya kumchagua waziri mkuu pamoja na wabunge, na kwa hiyo Pita Limjaroenrat, kiongozi wa chama kilichoshinda, alipata kura 324 na kushindwa kufikisha nusu ya wajumbe. Tarehe 7 Agosti 2024 Mahakama ya Katiba ilikivunja chama chake kwa sababu ya kampeni ya kutaka kurekebisha kifungu kile kile cha 112. Wiki moja baadaye mahakama hiyo ilimwondoa waziri mkuu Srettha Thavisin, na Agosti 2025 ikamwondoa mrithi wake, Paetongtarn Shinawatra, baada ya kuvuja kwa mazungumzo yake ya simu na Hun Sen, waziri mkuu wa zamani wa Kambodia. Tangu 2008 mahakama hiyo imewaondoa mawaziri wakuu watano wa kambi ya Thaksin Shinawatra, baba wa Paetongtarn na waziri mkuu aliyepinduliwa na jeshi mwaka 2006, kwa njia moja au nyingine, mmoja wao, Samak Sundaravej, kwa kulipwa katika kipindi cha mapishi cha televisheni. Wananchi hawa wameamka mapema na kupanga foleni kila walipoitwa, wakati wanajua kwamba walichokichagua kinaweza kufutwa. Mimi naiita hiyo subira, na inaniumiza kuisikia ikiitwa kutojali.

Hapo ulipo ushahidi uko karibu zaidi. Moshi wa mashamba na misitu inayochomwa kati ya Februari na Aprili, ambao nina hakika umeshaukohoa, uliwafanya wakaazi wa Chiang Mai waishtaki serikali mwaka 2023, na Januari 2024 Mahakama ya Utawala ya mji huo ikaiamuru iandae mpango wa dharura ndani ya siku 90. Waulize wazee wenu kama walisikia habari hiyo.

Sidhani kwamba wana nia mbaya. Mwenye miaka 50 au zaidi anayeweza kuweka baht 800,000 benki hupata ruhusa ya kustaafia huko, akaishi miaka mingi bila kusoma gazeti la Kithai, akizungumza na wenzake wa lugha moja. Wasikilize wakizungumzia viza, thamani ya fedha na hospitali, kwa sababu hayo wameyaishi. Kuhusu fikra za Wathai, kuna jambo ambalo wewe Mswahili utalielewa upesi kuliko wao. Wathai wana neno *kreng jai*, ambalo ni ule uzito wa moyo unaomzuia mtu kumsumbua mwenzake au kumpinga usoni, hasa mkubwa au mgeni. Kwetu tungesema anamstahi. Mwalimu mwenzako wa Kithai anapotabasamu na kunyamaza mgeni akiichambua nchi yake, usihesabu kwamba amekubali. Jifunze lugha yake, kaa naye peke yake, na umwache aanze mwenyewe.

SWALI: Ninauza safaya na spineli katika soko la vito la Chanthaburi. Mnunuzi mmoja amechukua mzigo na hajanilipa kwa miezi minne. Nataka kuweka picha na jina lake mtandaoni ili wenzangu wajihadhari. Je, nifanye hivyo?
Mfanyabiashara, Chanthaburi

JIBU: Usifanye hivyo, ndugu yangu, hata kama kila neno lako ni la kweli. Nchini Thailand kashfa ni kosa la jinai, na ikienezwa kwa maandishi au picha inaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya hadi baht 200,000. Ukweli unakuokoa pale tu jambo linapokuwa na manufaa kwa umma, nawe utalazimika kulithibitisha mbele ya hakimu. Mwaka 2020 Mmarekani mmoja alilala mahabusu siku mbili kwa kuisema vibaya hoteli ya kisiwa cha Koh Chang mtandaoni, na shauri likaisha alipoomba radhi. Biashara hii kati yetu na Wathai imejengwa kwa kuaminiana tangu wanunuzi wao walipofurika Tunduru katikati ya miaka ya 1990, lakini kuaminiana hakusomeki mahakamani. Kusanya ujumbe wote wa simu mlioandikiana, picha za mawe na uzito wake kwa karati, umpelekee wakili wa hapo hapo Chanthaburi adai deni kama madai ya kawaida, na mzigo unaofuata usiutoe mkononi kabla ya kupata karatasi ya Kithai yenye sahihi ya mnunuzi.