Umechaguliwa Bioteknolojia? Usibadilishe, ila soma hii

Wiki iliyopita binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimechaguliwa Bioteknolojia, ila nyumbani wanasema haina ajira. Nibadilishe?"

Marahaba, mdogo wangu. Usibadilishe.

Nami nilisoma Bioteknolojia, yaani elimu ya kutumia viumbe hai kutengeneza vitu vya manufaa, na niliambiwa hayohayo. Mjomba aliniuliza mbele za watu kama udaktari ulinishinda. Nilipomaliza chuo nikasota mtaani, swali lile likawa linarudi kila sikukuu, na hadi leo linaniuma. Matangazo ya kazi yalitaka mtaalamu wa maabara aliyesajiliwa na baraza, na shahada yangu haikuwa ya maabara za afya. Jambo hilo liulizie chuoni kabla hujalipa ada.

Kilichonitoa ni mikono yangu. Wenzangu walikwenda fildi, mafunzo ya vitendo, kutafuta muhuri tu. Mimi niliomba maabara inayozalisha miche ya migomba kwenye chupa. Nilianza kwa kuosha chupa. Baadaye nikafundishwa kuandaa chakula cha mimea na kukiua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121, kisha kupitisha kisu kwenye spiriti na moto, na kumenya chipukizi tabaka kwa tabaka hadi kibaki kiini cheupe kama punje ya mahindi. Ukiongea ovyo juu ya chupa iliyo wazi, siku chache tu ukungu umetanda, na kazi yote inatupwa. Leo nasimamia chumba kama kile. Miche yetu inakwenda kwa wakulima waliomalizwa na mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, na mjomba naye alikuja kuchukua yake.

Kwa hiyo ninyi mlioko vyuoni, SUA, Mlimani au JKUAT ya Kenya, nisikilizeni: GPA peke yake haitoshi! Taasisi ya Ifakara wanatafiti malaria, TARI Mikocheni, taasisi ya utafiti wa kilimo, virusi vya muhogo, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako Kilifi, na kote huko utaulizwa umewahi kushika nini. Fanya PCR, njia ya kunakili DNA maabarani, kwa mkono wako mwenyewe. Jifunze takwimu. Wala usikae kusubiri GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, ikuletee ajira: Tanzania ilisimamisha majaribio yake mwaka 2018, na Kenya ilipoondoa marufuku Oktoba 2022, watu walikwenda mahakamani.

Mdogo wangu, thibitisha nafasi yako. Kisha andika barua ya kuomba fildi mwaka huohuo wa kwanza, uipeleke mwenyewe kwa mkono, na wakikupa chupa za kuosha, osha.