Maswali yenu kuhusu wajeda wa kwenye muvi za siku zijazo

Wiki hii mmeleta sana maswali ya wajeda wa kwenye muvi za sayansi, zile za dunia iliyoharibika, serikali au kampuni imeshika kila kitu. Nimechukua haya.

Swali: Robocop na Master Chief, yule mjeda wa gemu ya Halo, wakizichapa nani anashinda?

Nani anampiga nani sijibu, nimeshasema na bado mnaleta. Ulizeni hawa wawili ni mali ya nani.

Swali: Kwani Robocop si polisi tu? Mbona unamweka na wanajeshi?

Kwa sababu ile kampuni, OCP, inatengeneza silaha za jeshi na hiyohiyo ndo imekabidhiwa polisi wa Detroit. Rudia muvi ya 1987, acha risasi, angalia pale Murphy, yule polisi wanayemgeuza Robocop, yuko mezani, madaktari wanamwambia bosi kwa furaha kwamba wamefanikiwa kuokoa mkono wake mmoja. Bosi anasema ukateni, tulikubaliana mwili wote uwe mashine. Mkono mzima, unafanya kazi, unakatwa, na sheria inaruhusu maana jamaa alishasaini fomu alipojiunga afu sasa anahesabika marehemu. Halafu wakamfichia amri ya nne kichwani, akijaribu kumkamata mkubwa wa kampuni anazima mwenyewe. Watu wanatoka hapo wanasifia bastola! Jamani. Na nyie mnaosaini mikataba ya ulinzi nje ya nchi bila kusoma, someni.

Swali: Starship Troopers inasifia jeshi au inalisema?

Kitabu cha Heinlein cha 1959, ilikotoka muvi, kinaamini kinachosema, kwamba haki ya kupiga kura upewe baada ya kutumikia. Muvi ya 1997 inalikosoa hilo wazo, tena kwa ukali, maana Paul Verhoeven aliyeiongoza amezaliwa 1938 akakulia Uholanzi chini ya jeshi la Hitler, kwa hiyo yale makoti marefu ya maofisa usidhani fundi nguo alijiotea tu. Kuna sajenti wa kuandikisha makuruta, anampa kijana mkono, anampongeza, anamwambia jeshi ndo limenifanya niwe mwanaume huyu unayemwona, halafu kiti kinasogea nyuma unaona miguu hana. Na vijana wanaendelea kusaini! Mimi ile sehemu inaniuma kila nikiiona, na inaniuma zaidi nikisikia ukumbini watu wanashangilia wale maadui, wadudu wa sayari nyingine, wanavyochinjwa bila kujiuliza nani alianza ile vita.

Swali: Kwa nini wajeda wabaya wanavaaga kofia za kuficha sura?

Ili usiwahurumie, na wao wasikumbuke kwamba ni watu. Ndo maana Star Wars ya 2015 ilinigusa, kuna askari anaitwa Finn, mwenzake anakufa mikononi mwake, vidole vya huyo mwenzake vyenye damu vinachora alama kwenye kofia nyeupe ya Finn, na kuanzia hapo unamjua yeye kati ya wote waliofanana. Kule jeshini jina hana, ana namba, FN-2187, walimchukua kwao akiwa mdogo.

Swali: Zile suti za chuma zipo kweli?

Kamandi ya vikosi maalumu ya Marekani ilianza mradi wa suti ya namna hiyo, TALOS, 2013, ilipofika 2019 suti nzima wakaiacha. Suti isiwatishe. Tishio liko kwenye kichwa cha aliyeivaa, tafuteni tamthilia ya Black Mirror ya 2016, kipande cha Men Against Fire. Askari kawekewa kifaa kichwani, akiwatazama raia fulani anaona mazimwi yenye meno, jeshi linawaita mende. Kifaa kikiharibika anaona mama na mtoto wake. Msiseme ni hadithi ya wazungu, redio RTLM ya Rwanda mwaka 1994 iliwaita Watutsi inyenzi, mende haohao, na haikuhitaji kifaa chochote zaidi ya maikrofoni. Ukisikia mwanasiasa yeyote anaanza kuwaita watu wadudu usicheke naye, hata kama ni wa chama chako.

Swali: Mwanangu ana miaka tisa, naweza kumwekea hizi muvi?

Robocop na Starship Troopers hapana kabisa, kuna viungo vinakatwa na watu uchi. Ile ya Finn sawa, ila kaa naye, akiuliza kwa nini yule askari alikataa kufyatua risasi mjibu vizuri.