Kubadilisha nozeli za petroli nyumbani: kazi iko kwenye oringi

Nozeli nne za kwanza (vifaa vinavyopulizia petroli kwenye injini) nilizobadilisha kwa mikono yangu zilinichukua siku nzima, na nusu ya siku hiyo niliimaliza nikisaka tone moja la petroli lilikokuwa linatokea. Tangu hapo nimefanya kazi hiyo kwenye magari kadhaa, langu na ya jamaa, na kila anayetaka kujaribu huniuliza swali lilelile: ni ngumu? Kufungua si kugumu. Aliyewahi kubadilisha plagi mwenyewe ataiweza. Ugumu uko mahali ambapo mgeni wa kazi hapaangalii: kwenye oringi, vile vipete vya mpira vilivyovikwa juu na chini ya kila nozeli, na kwenye uchafu mdogo kama punje ya mchanga.

Lakini kabla hujagusa bolti yoyote, hakikisha nozeli ndiyo mwenye kosa. Gari likimisi, yaani silinda moja ikikosa kuchoma mafuta vizuri, watu wengi hukimbilia nozeli kwa sababu wamesikia kwamba mafuta machafu huziziba. Huziziba kweli, ila plagi na koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) hufa mara nyingi zaidi na ni rahisi kuzipima. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu kutoka kompyuta ya gari ikikuonyesha P0302, maana yake silinda ya 2 inamisi, basi. Haijasema kwa nini. Hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, futa kodi, washa injini. Tatizo likihamia silinda ya 3, umeshapata jibu na hujafungua kitu. Likibaki palepale, fanya hivyo hivyo kwa plagi. Ndipo uje kwenye nozeli.

Nozeli nayo ina vipimo vyake. Injini ikiwa inanguruma, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa nozeli na mpini wake sikioni, ukiangalia nywele na mikono visikaribie mkanda wala feni. Nozeli nzima hugonga tik-tik-tik kwa mwendo ulio sawa na wenzake. Iliyo kimya, au yenye mlio mzito, itilie shaka. Kisha zima, chomoa soketi yake, pima ukinzani kwa mita ya umeme. Nozeli nyingi za petroli za siku hizi husoma kati ya omu 12 na 16, japo ziko za zamani zinazosoma chini ya omu 5. Using'ang'anie namba yenyewe, linganisha zote nne. Tatu zikisoma 13 na moja haisomi kitu, waya wa ndani umekatika. Hapo mara nyingi mashine itakuwa imeshakuonyesha kodi kama P0202, inayosema mzunguko wa umeme wa nozeli ya silinda ya 2 una hitilafu.

Haya yote ninayoyasema ni ya injini ambazo nozeli hupulizia petroli kwenye njia ya hewa, nje ya silinda. Presha yake huwa kama bari 3 au 4, ambayo mtu makini nyumbani anaweza kuishughulikia. Kama gari lako hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, au ni la dizeli lenye reli moja (bomba linalozigawia nozeli zote mafuta) ya presha kubwa, tafadhali liache kwa fundi mwenye vifaa. Dizeli za namna hiyo hufika hata zaidi ya bari 2,000. Mafuta yanayotoka kwa presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda kinachoonekana kidogo juu kinaweza kumpotezea mtu kidole au mkono mzima. Tena nyingi kati ya hizo zina namba maalumu za kila nozeli ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari kila nozeli inapobadilishwa.

Turudi kwenye yetu. Presha haiondoki kwa kuzima gari. Chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, washa injini, iache izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha piga stata sekunde chache zaidi. Baada ya hapo toa waya hasi wa betri. Hata ukifanya hivyo vizuri, petroli kidogo itabaki kwenye reli, kwa hiyo zungushia kitambaa kila kiungo unapokifungua, na vaa miwani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hulala chini na kutambaa mbali usikotarajia. Fanya kazi mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa kabisa, pasiwe na jiko, sigara wala taa ya balbu ya moto jirani. Kizima moto cha unga kiwe kando yako, si ndani ya nyumba.

Sasa uchafu. Kabla reli haijainuka, chukua brashi na usafishe kila nozeli inapoingia kwenye manifodi (njia ya hewa ya injini), halafu puliza kwa hewa. Mara ya kwanza niliiruka hatua hii. Nilipoinua reli, mchanga uliokuwa umejikusanya kuzunguka nozeli ukaporomoka kwenye tundu, na chini ya tundu hilo kuna valvu. Ilinibidi kuuvuta wote kwa kimrija kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi (kabla petroli haijamwagika popote, namshukuru Mungu), nikiwa na tochi mdomoni. Kazi ya dakika tano iligeuka saa nzima.

Soketi za nozeli nazo zimekaa kwenye joto kwa miaka. Plastiki yake imekuwa kama ganda la yai. Bonyeza kitanzi chake kwanza, tikisa kidogo, vuta kwa kushika soketi yenyewe, usivute waya. Ziandike namba, maana mara nyingi zinafanana na kuzichanganya ni rahisi. Ukishafungua bolti za reli, ivute sawasawa pande zote. Ikigoma, zungusha kila nozeli kidogo kushoto na kulia mpaka mpira uachie. Usiingize bisibisi ukakwanyua, kwani sehemu ya mwili wa nozeli ni plastiki na kuta za manifodi nyingi pia ni plastiki. Nozeli zikitoka, ziba matundu yote kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi.

Nozeli mpya nunua seti yenye mtiririko ule ule wa zile za zamani, kwa sababu kompyuta ya gari huhesabu mafuta kwa kufungua nozeli kwa muda mfupi sana, sehemu chache tu za elfu moja za sekunde. Nozeli inayopitisha zaidi ya wenzake itaipa silinda yake peke yake mafuta mengi kupita kiasi, na hutaelewa gari linataka nini. Kama za zamani zina umeme mzuri ila zimeziba, kuzipeleka zikaoshwe na kupimwa mtiririko huwa na maana zaidi kuliko kununua seti usiyojua imetoka wapi.

Na sasa oringi. Hata kama unarudisha nozeli zilezile, weka oringi mpya. Ya juu inazuia petroli yenye presha, ya chini inazuia hewa isiingie pembeni, na mara nyingi hazilingani unene, kwa hiyo usizibadilishane. Zipake oili safi ya injini, tone moja kwenye ncha ya kidole, uizungushe mpaka mpira ung'ae. Grisi usipake, wala zile gundi za kuzibia. Kisha sukuma nozeli ndani ya reli kwa kuizungusha taratibu. Utasikia mpira ukiteleza, halafu unakaa.

Siku ile ya kwanza niliziingiza kavu. Ya tatu iligoma kidogo, nikaisukuma kwa nguvu, ikaingia. Nilipoitoa baadaye nilikuta ukanda mwembamba wa mpira umemenyeka upande mmoja, kama ganda la tunda, haufiki upana wa uzi wa kushonea. Huo ndio uliotosha kupitisha petroli. Ukihisi mkwamo, usisukume. Itoe, iangalie, anza upya.

Reli ikishakaa, kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nyuzi za matundu ya bolti, zikiwa za aluminiamu, huchanika upesi. Jaribu kuzungusha kila nozeli kwa vidole. Ikizunguka kwa shida kidogo, iko sawa. Iliyoganda kabisa huenda imekaa upande.

Rudisha fyuzi na betri, lakini usiwashe. Fungua swichi tu, sikiliza pampu ikivuma kama sekunde mbili, funga. Rudia mara tatu au nne, kisha pita na tochi na karatasi nyeupe ya tishu chini ya kila kiungo. Hapo ndipo nilipouona mstari wa unyevu ukishuka kwenye ile nozeli ya tatu. Kama ningewasha moja kwa moja, petroli hiyo ingekuwa inachirizika juu ya injini yenye moto.

Ikiwa kavu kila mahali, piga stata. Itachukua muda kidogo kushika na itatetemeka kwa sekunde kadhaa mpaka hewa yote itoke kwenye reli, kisha itatulia. Sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) ikibaki juu, au kodi P0171, inayosema hewa imezidi mafuta, ikijitokeza baada ya siku chache, irudie oringi ya chini kwanza kabla ya kushuku kingine. Chomoa pia kijiti cha oili na ukinuse: kama nozeli ya zamani ilikuwa inavuja, petroli imeshuka kwenye oili na kuifanya nyepesi, nayo lazima ibadilishwe kabla hujalipeleka gari mbali. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi na mipira imejikunja kwa ubaridi wa usiku, fungua boneti tena na upitishe tishu ileile.