Jahazi la shibiri tatu

Nungwi

Mwanangu Khamis,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Unasema jahazi lako dogo la mfano umeliweka mkuku, ule uti wa chini, na mataruma, zile mbavu zake, tangu mwaka jana, na sasa ukitoka kazini huko Maskati hata kulitazama hutaki. Kisha ukaniuliza nilipata wapi subira ya kumaliza langu, lile lililo juu ya kabati. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ndiye aliyekuwa akilifagilia uvunguni miaka miwili mizima.

Subira sikuwa nayo, mwanangu. Tena kilichoniponza ni pupa. Nilipofika kwenye mbao nilitaka nione ubavu mmoja umekamilika, basi nikabandika za kulia zote, moja juu ya moja, za kushoto sikugusa. Nilizirowesha maji ya moto, nikazikunja, nikazifunga kwa uzi kwenye mataruma. Zilipendeza! Gundi ilipokauka zikavuta upande wao, na asubuhi mkuku umepinda kama kisu cha kukatia nazi kilichokaliwa. Fundi mmoja mzee wa hapa pwani, katika hawa wanaounda vyombo kwa jicho tu bila mchoro, alilishika, akafumba jicho moja, akanirudishia. “Ubavu haumtangulii mwenzake,” akasema, akaenda zake kuswali.

Nikabandua mbao kumi na moja kwa wembe. Nne zilivunjika. Hapo ndipo lilipoingia uvunguni.

Sitakuandikia kwamba subira ni ufunguo wa faraja. Hiyo unaijua tangu chuo cha Kurani. Nitakukumbusha makumbi ya nazi ya bibi yako. Uliwahi kumwona akiyafukia kwenye tope la pwani, akayawekea mawe juu yasichukuliwe na maji. Yanakaa humo miezi, yaoze, ndipo yafukuliwe, yapigwe, yatoke usumba wa kusokota kamba. Bibi yako hakukaa ukingoni mwa shimo akiyalilia. Alikwenda shamba, alikwenda harusini, aligombana na jirani wakapatana. Ila shimo lake alilijua, hata maji yakijaa.

Mimi uvunguni nilitupa tu. Nilipolitoa, vipande sikuvijua kipi cha wapi, na kazi ya kuvitambua ilinichosha kuliko kuunda. Toka siku hiyo sikuinuka kabla sijaandika kwa penseli, juu ya ubao wenyewe, kinachofuata: “huu kushoto, wa tatu, punguza ncha”. Nikikaa mwezi mzima bila kuligusa, Ramadhani kwa mfano, nikirudi mkono unajua pa kuanzia. Mbao nikaweka moja kulia, moja kushoto. Siku nyingine nilipiga msasa kipande kimoja tu, tena kidogo kuliko kidole, nikafunga duka.

Nilianza 1998, likaisha 2004. Usihesabu miaka sita. Ukiondoa uvungu na uvivu, sidhani kama inabaki miwili.

Kwa hiyo lako lifunike kitambaa, usilione kila unapopita, maana kitu kinachokusuta kila siku mwisho utakichukia. Lakini kabla ya kulifunika, shika penseli. Na mataruma yako yapime tena kwa uzi kutoka kwenye hanamu, ule mti wa mbele, mpaka fashini, ule wa nyuma. Kwenye picha uliyoleta naliona la nne limekaa juu kidogo. Likiachwa, kila ubao utakaopita hapo utakugomea, nawe utadhani ni mbao mbaya.

Nimekukatia vipande vya mfenesi, vyembamba, vimekauka vizuri. Nitampa mtu anayesafiri mwezi ujao. Tanga usilishone kwanza. Mimi nasema kitambaa kiwe bafta, mama yako anasema marikani ndiyo inayoshika upepo, na jahazi lenyewe litakaa juu ya kabati.

Baba yako