Maswali na Majibu: Biolojia ya Sekondari ya Juu Inadai Nini?

Wanafunzi wanapoanza kuchagua masomo ya sekondari ya juu, biolojia huzua maswali mengi. Haya ndiyo yanayojirudia, baadhi nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Madarasa ya chini nilikuwa napata alama nzuri kwa kukariri tu. Naambiwa huko juu mambo ni mengine. Ni kweli?

Marahaba. Ni kweli, na afadhali ulijue mapema. Kukariri hakuishi, maana huwezi kueleza kazi ya kitu usichokijua jina. Ila kukariri peke yake hakutakufikisha mbali.

Chukua moyo. Mpaka sasa umekuwa ukiulizwa utaje vyumba vyake vinne na uonyeshe njia ya damu. Sasa utaulizwa: kwa nini ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Ukijibu "kwa sababu inafanya kazi zaidi", alama hupati. Linalotakiwa ni kwamba ventrikali ya kushoto husukuma damu mwili mzima, kwa hiyo inahitaji misuli ya kuleta shinikizo kubwa. Ya kulia huipeleka kwenye mapafu, ambayo yako jirani. Tena shinikizo kubwa huko kwenye mapafu lingekuwa na madhara: maji yangekamuliwa kutoka kwenye kapilari na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo wengi huisahau.

Zoea pia kusoma kitenzi cha swali kabla ya kitu kingine chochote. "Taja" inataka neno au sentensi moja. "Toa sababu" haitaki maelezo ya grafu inavyopanda na kushuka; inataka kilichoifanya ipande. Na "linganisha" inataka pande zote mbili ndani ya sentensi moja. Ukiandika aya nzima ya ateri, kisha aya nyingine ya vena, umemwachia msahihishaji kazi ya kulinganisha, naye hataifanya.

Mada ni nyingi kama wanavyotutisha?

Ni nyingi. Mitaala hutofautiana kwa mpangilio, lakini kiini ni kilekile: seli na molekuli zake, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini), usanisinuru na upumuaji wa seli, usafirishaji ndani ya mimea na wanyama, neva na homoni, kinga ya mwili, urithi, mageuko na ikolojia. Nafuu ni kwamba mawazo makubwa yanayobeba mada hizo zote ni machache, na yanajirudia.

Nitakupa moja. Fikiria mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6 na ujazo wake ni sentimita 1 ya ujazo, yaani uwiano wa 6 kwa 1. Ukiufanya upande uwe sentimita 2, eneo linakuwa 24 na ujazo 8: uwiano umeshuka hadi 3 kwa 1. Upande wa sentimita 3 unatoa 54 kwa 27, sawa na 2 kwa 1. Kitu kinavyokua, ndani huongezeka haraka kuliko nje, na kila kinachoingia au kutoka lazima kipitie nje. Ndiyo maana amiba, kiumbe cha seli moja, anaishi bila mapafu na sisi hatuwezi. Ndiyo maana utumbo mwembamba una vijinyoya ndani yake, mizizi ina vinyweleo, na seli nyekundu ya damu imebonyea katikati. Ndiyo maana panya hupoteza joto upesi kuliko tembo na hula sana kwa kulinganisha na uzito wake. Asiyelishika wazo hili hulisoma upya katika kila mada kana kwamba ni jambo jipya, kisha analalamika kwamba silabasi ni ndefu.

Wazo jingine ni umbo la molekuli. Kimeng'enya na kitu kinachofanyiwa kazi, homoni na kipokezi chake, kingamwili na antijeni (kitu kigeni ambacho kingamwili hukishika): zote ni habari za maumbo yanayolingana. Joto likizidi, umbo la kimeng'enya huharibika na kazi husimama. Na tafadhali, usiandike kwamba kimeng'enya "kimekufa". Hakijawahi kuwa hai.

Mimi na hesabu hatuelewani. Nitakwama?

Hutakwama, ila hutazikwepa. Nyingi ni hesabu nyepesi zinazotaka umakini. Ukuzaji, kwa mfano, ni ukubwa wa picha kugawanya kwa ukubwa halisi. Seli iliyochorwa kwa urefu wa milimita 40, ikiwa urefu wake halisi ni mikromita 80, imekuzwa mara 500. Wanaokosa hapa si kwamba hawajui kugawanya, bali wamesahau kugeuza milimita kuwa mikromita kwanza (milimita moja ni mikromita 1,000).

Asilimia nazo zina maana yake. Vipande viwili vya kiazi vimewekwa majini, na kila kimoja kimeongezeka gramu 0.6. Kimoja kilianza na gramu 4.0, kingine gramu 5.0. Cha kwanza kimeongezeka asilimia 15, cha pili asilimia 12. Bila asilimia ungedhani matokeo ni sawa.

Kwenye urithi utakutana na uwezekano. Gregor Mendel, katika utafiti wake wa njegere uliochapishwa mwaka 1866, alihesabu mimea 705 yenye maua ya zambarau na 224 yenye maua meupe katika kizazi cha pili. Ukigawanya utapata 3.15 kwa 1, wala si 3 kwa 1 kamili inayotarajiwa, na hivyo ndivyo bahati inavyofanya kazi. Mitaala mingine itakutaka upime kama tofauti kati ya matokeo yako na yaliyotarajiwa ni kubwa kiasi cha kutiliwa shaka. Fomula hupewa mara nyingi. Kutafsiri jibu ni juu yako.

Naogopa maabara, hasa kupasua wanyama. Na pia sijui kuchora.

Sehemu kubwa ya kazi za maabara haihusu kupasua kitu. Utaanza na kitunguu. Unabandua ngozi nyembamba ya ndani ya tabaka lake, unailaza kwenye slaidi juu ya tone la maji, unaongeza iodini, kisha unashusha kioo cha kufunika polepole kwa sindano, upande mmoja ukitangulia, ili hewa itoke. Ukikiangusha kwa pupa, utapata mapovu. Na povu chini ya hadubini ni duara zuri lenye ukingo mweusi mnene. Kila mwaka kuna wanafunzi wanaolichora kwa uangalifu mkubwa na kuliandikia "kiini". Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo kila mara. Ukianza na kubwa hutaona kitu, na unaweza kuvunja slaidi kwa kuisukumia lenzi.

Utapima viazi kwenye miyeyusho ya sukari au chumvi, na hapo kumbuka kuvikausha kwa karatasi kabla ya kuvipima, la sivyo unapima maji yaliyoshikamana nje. Utapima wanga kwenye jani: unalichemsha kwanza, kisha unaliondoa klorofili kwa spiriti moto. Spiriti hiyo hupashwa ndani ya maji ya moto, moto ukiwa umezimwa, maana mvuke wake unawaka.

Kuhusu kupasua, mara nyingi huwa ni moyo au figo ya mnyama aliyekwisha chinjwa. Kama una sababu ya kutoshiriki, iwe ya dini au ya moyo tu, mweleze mwalimu wiki chache kabla. Si asubuhi ya siku yenyewe.

Kuchora kusikunyime usingizi, kwani si sanaa. Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiorudiwarudiwa, bila kivuli, mistari ya majina ipigwe kwa rula na isikatane. Chora ulichokiona, hata kama hakifanani na picha ya kitabuni.

Mwalimu, naomba tofauti ya glukosi, glaikojeni na glukagoni. Nachanganyikiwa kila mara.

Huko peke yako. Glukosi ni sukari iliyo kwenye damu. Glaikojeni ni akiba: molekuli nyingi za glukosi zilizounganishwa na kuwekwa kwenye ini na misuli. Glukagoni ni homoni ya kongosho ambayo, sukari ikishuka kwenye damu, huliambia ini livunje akiba hiyo. Insulini hufanya kinyume. Angalia tahajia kwenye mtihani. Neno likiandikwa katikati ya glaikojeni na glukagoni, hupati alama ya lolote.

Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mzazi. Nyumbani kwetu dini ina nafasi kubwa, na nasikia mwanangu atafundishwa mageuko. Nimwambie nini?

Njema, mzazi mwenzangu. Mwambie asome kwa bidii. Mtihani haumuulizi anaamini nini. Unamuuliza ushahidi ni upi na uteuzi asilia unafanyaje kazi, na ushahidi huo ni mwingi na una nguvu. Wapo wengi wenye imani zao wanaoifahamu nadharia hii vizuri na kuifanyia kazi kila siku, wakiwemo madaktari.

Tangu Charles Darwin na Alfred Russel Wallace walipowasilisha wazo hilo mwaka 1858, kosa la wanaojifunza ni moja. Mwanafunzi anaandika: "Bakteria walijibadilisha ili waizoee dawa." Hawakujibadilisha kwa kutaka. Kabla ya dawa kufika, miongoni mwa mamilioni ya bakteria walikuwapo wachache ambao jeni zao, kwa bahati, ziliwakinga. Dawa ikawaua wenzao, wao wakabaki na kuzaana. Mwanao akiweza kukueleza hilo mezani bila kutumia "ili", alama zake za mada hiyo ziko salama.

Naweza kusoma biolojia bila kemia?

Shule nyingine zinaruhusu. Utahitaji angalau kuelewa ioni, pH, vifungo vya kemikali na kwa nini maji huyeyusha vitu vingi. Bila hayo, DNA, molekuli inayobeba urithi, itakuwa picha ya ngazi iliyopindwa tu, na hutaona kwa nini, kati ya besi zake nne (A, T, G na C), A hukaa na T kwa vifungo viwili vya hidrojeni huku G na C wakishikana kwa vitatu. Azima kitabu cha kemia cha mwaka wa kwanza usome sura hizo. Nyingine unaweza kuziruka.