Mbwa anatetemeka asubuhi, nimtoe au nimuache?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Ngaramtoni, huku Arusha, nina mbwa wa manyoya mafupi, huwa namtoa saa kumi na mbili asubuhi kabla sijaenda job, sasa tangu Juni ianze na huu ukungu akifika getini tu anatetemeka na kugoma, majirani wananicheka eti namdekeza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Waache wacheke bana. Mbwa wa manyoya mafupi, mtoto au mzee baridi inampiga kweli, sawa hatuna barafu ya Ulaya ila manyunyu yakimlowesha halafu upepo ukampata, mwili unapoa chap. Asubuhi mtoe ajisaidie mrudi, ile ruti ndefu ipeleke saa kumi jioni kukiwa na kajua. Sweta kuukuu la mtoto (mitumba yamejaa) linamtosha, lifunike kifua na tumbo, ila likilowa mvue hapohapo maana linazidi kumpoza. Mkirudi mfute na taulo mpaka katikati ya vidole, lile tope letu jekundu likikaukia pale linamchubua, atalamba usiku kucha.

Akianza kuinua miguu mmojammoja au kukuvuta kurudi home, rudini, msibishane. Na kwenye ukungu shika kamba fupi, wewe vaa riflekta, bodaboda hawaoni kitu.

Usiku asilale kwenye sementi, mtandikie magunia. Kama hata ndani akishakauka bado anatetemeka au amelegea hali chakula, hiyo sio baridi tu, muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.